Futi Kamba Kabla ya Jukwaa

Kamati ya tamasha la mtaani ikikaa kikao cha kwanza, mazungumzo yote huwa ya jukwaa: nani atapanda, spika ngapi, tenti za nani, mdhamini anataka bango lake likae wapi. Usalama unakuja mwishoni watu wakiwa wameshachoka, na unaandikwa mstari mmoja kwenye bajeti: "mabaunsa 10." Tamasha linaanza kuharibika hapo, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Kifaa cha kwanza cha kununua ni futi kamba ya mita 50. Nenda nayo mtaani ukajue mambo mawili: mtaa huu unabeba watu wangapi, na unawatoa kwa dakika ngapi. Majibu hayo ndiyo yanayopanga kila kitu kingine, jukwaa likiwemo.

Chukua mtaa wa kawaida wa Kariakoo au Ilala, Dar es Salaam. Tuseme una urefu wa mita 150 na upana wa mita 10, mtaro hadi mtaro. Kwenye karatasi ni mita za mraba 1,500, na mtu mwenye haraka atakwambia hapo wanaenea watu 5,000. Sasa anza kutoa. Njia ya gari la wagonjwa na la zimamoto, mita 4 kwa urefu wote wa mtaa: 600 zimeondoka. Jukwaa, nyuma ya jukwaa na nafasi ya mbele yake: 120. Meza za mama lishe na wauza juisi, kina cha mita 2 kwa urefu wa mita 60: nyingine 120. Tenti ya fundi mitambo: 10. Umebakiwa na 650. Ukipanga watu wawili kwa kila mita ya mraba, mtaa huo ni wa watu 1,300. Namba hiyo ikisomwa kikaoni watu huguna. Waache wagune, kisha waulize waliokuja na 5,000 wameitoa wapi.

Baada ya hapo pima njia za kutokea. Mwongozo wa Waingereza wa viwanja vya michezo unahesabu watu 82 kwa kila mita ya upana kwa kila dakika, kwenye sehemu tambarare. Kwa mitaa yetu yenye mashimo, watoto mgongoni na taa za kubahatisha, weka 60. Halafu jifanye njia iliyo kubwa kuliko zote imezibwa, kwa sababu siku ya tukio moto au gari lililokwama linaweza kuwa hapohapo. Ukibakiwa na mdomo mmoja wa mtaa wenye mita 4 wazi, pamoja na uchochoro wa mita 2, unatoa watu 360 kwa dakika. Wale 1,300 wanakwisha chini ya dakika 4.

Hapo ni kwenye daftari. Siku yenyewe muuza mishikaki anasogeza jiko mpaka mdomoni mwa mtaa, maana ndiko wateja wanakopita, na mita 4 zinageuka 2. Uchochoro nao una geti, na ufunguo uko kwa mwenye nyumba aliyesafiri kwenda Tanga. Umebaki na mita 2, watu 120 kwa dakika, na watu walewale sasa wanahitaji karibu dakika 11. Kilichoongezeka ni jiko moja na kufuli moja tu. Ndiyo maana mistari ya meza huchorwa kwa chokaa asubuhi kabla ya mfanyabiashara wa kwanza kufika, na kila njia ya kutokea hupewa mtu mwenye jina, anayesimama hapo mpaka mwisho na ufunguo mfukoni.

Kizuizi kingine cha mdomoni ni bodaboda na bajaji. Kuanzia saa tatu usiku wanajikusanya mwisho wa mtaa kusubiri abiria, pikipiki 40 au 50 zikiwa zimetazama ndani, injini zinaunguruma. Kuwafukuza ni kazi bure, ukigeuka wamerudi. Mtafute mwenyekiti wa kijiwe wiki moja kabla, mkubaliane kituo cha muda mita 100 kutoka mdomoni, mahali penye taa, na mpe reflekta mbili kwa vijana wake wawili watakaopanga foleni. Abiria watatembea hizo mita 100. Wakishazitembea, umati umeshakuwa mwembamba kabla haujafika kwenye pikipiki.

Kuna watakaopendekeza uzungushie mabati pande zote na uache geti moja, "ili tudhibiti." Tamasha la bure mtaani halihitaji mabati. Ukiyaweka unajenga boksi, na watu wa nje wanasukuma kuingia kwenye geti lilelile ambalo wa ndani wanataka kutokea. Kama ni lazima kuzungushia, milango ifunguke kwa nje na njia za kuingilia zitengane kabisa na za kutokea.

Namba za msongamano hazieleweki mpaka uzione kwa macho. Wakusanye mabaunsa na wasimamizi wako asubuhi, chora chini mraba wa mita 2 kwa 2 kwa chaki. Waingize watu 8: hao ni wawili kwa mita ya mraba, wanapita, wanageuka, mtu anaweza kuinama akafunga kamba za kiatu. Ongeza wafike 16: mabega yanagusana, na mtu wa katikati hawezi kutoka bila kuomba njia. Hapo ndipo mlango wa kuingilia unafungwa. Ongeza wafike 20, kisha 24: sasa mikono imebanwa ubavuni, hakuna anayeamua aelekee wapi, na ukimsukuma kidogo mmoja wa pembeni, wa upande wa pili anatikisika. Acha zoezi hapo. Msimamizi aliyewahi kusimama katikati ya huo mraba hasahau, na usiku akiwa juu ya kibaraza atautambua kwa mbali: vichwa vinayumba pamoja kama mawimbi, watu wanainua nyuso juu kutafuta hewa, wengine wanapandisha watoto mabegani.

Wanaokufa kwenye misongamano wengi hawafi kwa kukanyagwa, ingawa sisi huita yote mkanyagano. Wanakosa nafasi ya kutanua kifua, wanakosa pumzi wakiwa wamesimama. Machi 21, 2021, kwenye Uwanja wa Uhuru hapahapa Dar, watu 45 walikufa katika msongamano wa waliokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Mwaka mmoja kabla, Februari 1, 2020, Moshi ilipoteza watu 20 kwenye ibada ya uwanjani, watu walipokimbilia sehemu moja kukanyaga mafuta ya upako. Seoul, Oktoba 29, 2022, ndiyo inayofanana zaidi na tamasha la mtaani: hakukuwa na tiketi, watu walikuja tu kutembea Itaewon, na 159 wakafa kwenye uchochoro wa mteremko wenye upana wa mita 3 na kidogo. Simu ya kwanza ya kuwatahadharisha polisi ilipigwa saa 12:34 jioni. Maafa yalitokea baada ya saa 4 usiku. Kulikuwa na zaidi ya saa tatu za kufunga njia.

Kutoka Moshi kuna jambo la kuchukua moja kwa moja: usitengeneze sababu ya umati mzima kukimbilia sehemu moja kwa wakati mmoja. Kurusha fulana na kofia kutoka jukwaani kupigwe marufuku kwenye mkataba wa mdhamini, kwa maandishi, maana kwa mdomo watakubali na saa mbili usiku watarusha. Zawadi zitolewe kwenye meza tatu zilizotawanyika, kuanzia mchana. Msanii mkubwa naye asipande mwisho kabisa. Akishuka yeye watu 1,300 wanaondoka kwa pamoja. Mpandishe wa tatu kutoka mwisho, waliomfuata yeye waanze kupungua taratibu.

Halafu kuna neno "mwizi!" Kwenye umati wa Dar, neno hilo linaleta hatari mbili kwa mpigo: watu wanakimbia bila kujua kinachokimbiwa, na mtuhumiwa anaweza kuuawa mbele ya jukwaa lako. Simu zitaibwa, hilo lichukulie kuwa limeshatokea. Watenge wasimamizi wanne, wawili kila upande, kazi yao iwe hiyo moja: wakisikia kelele wanafika wakitembea kwa haraka bila kukimbia, wanamweka mtuhumiwa katikati yao, wanamtoa kwa njia ya karibu kwenda kwa askari. Hakuna kumhoji palepale, hakuna kumpiga picha. Mlalamikaji anatoka nao.

Yote haya yanahitaji mtu wa kusimamisha shughuli. Andikeni majina matatu tu ya wenye mamlaka ya kukata muziki, na mkubaliane kabla kwamba mdhamini, meneja wa msanii na mgeni rasmi hawamo. Mmoja akisema "simamisha," fundi anashusha sauti kwa sekunde chache (ikikatika ghafla watu wanadhani ni hitilafu na wanazomea), taa zote nyeupe zinawaka, msanii anampa MC maiki. MC awe na maneno yaliyoandikwa kwenye kadi, kwa sababu akiyatunga papo hapo atasema "kuna tatizo" na hapo ndipo kasheshe inapoanza. Kadi iseme hivi: "Ndugu zangu, tunapumzika kidogo. Naomba walioko nyuma kabisa warudi hatua tano. Walioko nyuma kabisa, hatua tano. Ahsanteni. Sasa wanaofuatia." Unaanza na wa nyuma daima. Ukiwaambia wa mbele warudi, wanarudi kwenda wapi?

Mawasiliano yasitegemee kundi la WhatsApp. Watu elfu moja wakirusha video kwa pamoja mtandao unalemewa, na ujumbe wako wa "fungeni mlango wa kusini" unafika kesho yake. Tafuta redio za upepo (walkie-talkie) zenye kibali, angalau moja kila mdomo wa mtaa, jukwaani, kwa huduma ya kwanza na kwa mwenye mamlaka. Gari la wagonjwa liegeshwe ndani tayari, likitazama upande wa kutokea, na dereva ajue usiku huo anaelekea hospitali ya Amana au Muhimbili, kwa njia ipi. Namba za polisi, 112, na zimamoto, 114, ziwe nyuma ya kila kitambulisho.

Sasa chini, kwenye mtaa wenyewe. Mitaro ya Dar ndiyo hatari ambayo mwongozo wa Ulaya hautakwambia. Mifuniko imebebwa zamani kwenda kwenye vyuma chakavu, na shimo la upana wa nusu mita linakuwa pembeni kabisa, kule watu wanakosukumiwa. Mchana kila mwenyeji analiruka bila kufikiri. Jua letu linazama kabla ya saa moja mwaka mzima, kwa hiyo pitia mtaa saa mbili usiku, siku ya kazi, na tochi ya simu tu, ukitembea kando ya mtaro. Kila unaposita, weka alama ya chokaa. Sehemu fupi zifunike kwa mbao za inchi 2 zilizopigiliwa pamoja, zipite ukingo kwa angalau sentimita 20 kila upande, kisha simama juu yake na wenzako watatu mruke. Plaiwudi nyembamba ni mbaya kuliko shimo wazi, maana inaficha shimo. Sehemu ndefu weka meza za wafanyabiashara mbele yake ili mtu asifike, na funga taa.

Umeme hauhitaji maneno mengi, unahitaji fundi mwenye leseni na mtu wa kumkatalia anayetaka "kuchomeka kidogo." Kila laini inayotoka kwenye jenereta ipite kwenye kifaa kinachokata umeme ukivuja miliamperi 30, na jenereta iwe na fimbo ya ethi. Eksitensheni ya kuviringisha ifunguliwe waya wote hata kama unahitaji mita 5. Ikibaki imeviringwa huku inabeba mzigo mkubwa, joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka ndani kimyakimya. Mashine ya chipsi ya wati 3,000 inakula ampea 13, yaani soketi nzima. Mbili kwenye soketi moja ni moto. Waya ukivuka njia ya watu upite juu, zaidi ya mita 5 pale magari yatakapopita, au chini ya kifuniko cha mpira. Zulia lililotandikwa juu ya waya linamtegua mtu na kuusaga waya kwa wakati mmoja. Jenereta isijazwe mafuta ikiwa ya moto. Na chini ya laini za TANESCO usisimamishe mlingoti, jukwaa wala bango, hata kama ndipo panapopendeza kwenye picha.

Jikoni kaa kidogo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka na kutambaa chini. Inashukia wapi? Kwenye ule mtaro. Inaweza kusafiri ndani yake mpaka ikakutana na jiko la mkaa la jirani ambaye hata hatumii gesi. Kwa hiyo mitungi ikae upande wa meza ulio mbali na mtaro, wima, kivulini, na anayetumia mkaa asiwe kwenye mstari mmoja na wa gesi. Kila mpira na kila regyuleta vipakwe povu la sabuni kabla ya kuwasha. Povu likichemka, mtungi unafungwa na kuondolewa. Mtungi wa akiba usikae chini ya meza. Zungumza nao mapema na kwa heshima: "Mama, naomba mtungi wa pili ubaki stoo, ukiisha huu kijana atakuletea kwa dakika tano." Kisha huyo kijana awepo kweli, maana asipokuja mara moja, mitungi yote itarudi chini ya meza.

Mafuta ya kukaangia yakishika moto hayamwagiwi maji. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke unaotanuka karibu mara 1,700, na yanarusha moto juu hadi kwenye turubai. Zima gesi, funika sufuria kwa mfuniko wake au blanketi la kuzimia moto, iache ipoe yenyewe. Kila mkaangaji awe na mfuniko unaotosha sufuria yake. Nenda ukauangalie, wengi wana mfuniko wa sufuria nyingine.

Upepo unadharauliwa kwa sababu asubuhi haupo. Bango la mita 6 kwa 3 lina mita za mraba 18. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unalisukuma kwa nguvu ya kama kilo 110. Kasi ikifika kilomita 72, nguvu inakuwa mara nne: kilo 440 na zaidi, zinazovuta juu kabisa ya jukwaa lako. Kulitoboa matundu machache hakusaidii kama watu wanavyoamini; tumia kitambaa cha wavu, au lifunge kwa namna ambayo mtu mmoja anaweza kulishusha akiwa chini. Tenti ya mita 3 kwa 3 iwe na madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji kwenye kila mguu, yaani kilo 40, yamefungwa kwa kamba juu na chini. Kufunga kwenye kiti cha plastiki ni maigizo. Miezi ya kusi, kuanzia Juni, ongeza. Kwa masika na vuli, msomaji mmoja wa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ateuliwe. Ikipiga radi na ngurumo ikasikika ndani ya sekunde 30, jukwaa linazimwa na watu wanaelekezwa kwenye majengo. Tenti si kinga. Mnarudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Watoto watapotea. Waandikwe namba ya simu ya mzazi kwenye mkono kwa kalamu ya wino mzito, mlangoni. Mtoto akipatikana, anakaa na wasimamizi wawili, mmoja mwanamke, mahali panapojulikana. MC asitangaze jina lake wala nguo alizovaa. Akishayataja, yeyote anaweza kuja kudai ni wake. Tangazo liseme tu "mzazi anayetafuta mtoto afike tenti ya huduma ya kwanza," na mzazi ndiye ataje nguo.

Vibali vinajulikana: taarifa ya maandishi kwa polisi wa eneo saa 48 kabla kwa uchache (peleka wiki tatu kabla), halmashauri, serikali ya mtaa, na wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kutegemea barabara ni ya nani. Ambatanisha mchoro wako wenye vipimo. Mhuri unakupa ruhusa ya kufunga barabara. Uchochoro wenye kufuli unabaki na kufuli.

Mwisho wa usiku ndio wasimamizi wanapotaka kuondoka na watu wao. Wabaki wanne mpaka mtaa uwe mtupu. Taa za mitaro na za njia ya kutokea zinazimwa mwisho kabisa, baada ya fundi kukunja waya wa jukwaa. Mkaa umwagiwe maji ndani ya karai la chuma, ukorogwe, umwagiwe tena mpaka mkono uweze kukaa karibu bila kusikia joto. Usiumwage kwenye pipa la taka la plastiki, na usiutupe mtaroni. Huko kuna makaratasi, mafuta ya chipsi na pengine gesi, na saa tisa usiku hakuna mtu wa kuliona linaloanza kuwaka.